Viinitete Vipo, Ndama Yuko Wapi?

Katika mitungi ya naitrojeni iliyoko Berlin, Ujerumani, na Cremona, Italia, wamo vifaru weupe wa kaskazini zaidi ya 30 ambao hawajawahi kukanyaga ardhi. Kila mmoja ni mdogo kuliko punje ya chumvi, amegandishwa kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na baba yake ameshakufa miaka mingi. Huku Laikipia, katika hifadhi ya Ol Pejeta, wamebaki wawili tu wanaotembea kwa miguu yao: Najin, aliyezaliwa 1989, na bintiye Fatu, aliyezaliwa 2000. Wote majike. Duniani kote hakuna wa tatu.

Kila inapotangazwa kwamba kimepatikana kiinitete kipya, yaani yai lililorutubishwa na kuanza kugawanyika, watu huuliza swali moja, nalo ni la haki kabisa: kama viinitete vipo, ndama yuko wapi? Binadamu wanazaa kwa msaada wa maabara tangu 1978. Ng'ombe wanapandishwa kwa mrija kila siku vijijini. Kifaru amekuwaje?

Amekuwa hivi: kiinitete bado si mimba. Picha za magazetini huonyesha sindano nyembamba ikichoma yai chini ya hadubini, nasi tunadhani hapo ndipo penye muujiza na ndipo penye ugumu. Kumbe kuchoma yai ni kazi ambayo watu wa maabara wameizoea. Wanapotoka jasho ni kabla yake, wakati wa kulipata hilo yai, na baada yake, wakati wa kulikabidhi kwa tumbo la mama.

Mbona ya ng'ombe ni rahisi

Mfugaji wa Kiambu au wa Rungwe anaijua kazi ya uhimilishaji. Ng'ombe akiingia kwenye joto, mtaalamu anapigiwa simu, anafika kwa pikipiki na mtungi wake, anachomoa mrija mmoja wa mbegu, anauyeyusha kwenye maji ya vuguvugu, anavaa glavu ndefu, anaiweka. Mengine yote anayafanya ng'ombe mwenyewe. Yai lake linapevuka ndani, linakutana na mbegu ndani, linakua ndani. Mtaalamu ameshika nafasi ya fahali kwa dakika tano, basi.

Hata kifaru amewahi kuzaa kwa njia hiyo. Tarehe 28 Julai 2019, kifaru mweupe wa kusini, ndugu wa karibu wa hawa wa kaskazini, aitwaye Victoria alizaa ndama dume huko San Diego, Marekani, baada ya kuhimilishwa. Kwa hiyo njia ipo, ila Najin na Fatu hawawezi kuipita. Uchunguzi wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba miguu ya nyuma ya Najin ni dhaifu, haiwezi kuhimili uzito wa mimba, na kwamba mfuko wa uzazi wa Fatu una kasoro zisizomruhusu kushika mimba. Mayai wanayo, mahali pa kuyalea hawana. Ikabidi yai litolewe, lirutubishwe nje, kisha litafutiwe tumbo la kuazima.

Inafaa kukumbuka wawili hawa walifikaje hapa. Vifaru weupe wa kaskazini walikuwa wa nchi zetu za ndani: Uganda, Sudan, Chad, Afrika ya Kati na Kongo. Wa mwisho kuonekana porini walikuwa Garamba, kaskazini mashariki mwa Kongo, na waliuawa kwa ajili ya pembe, wakati vita vikipita juu yao, mpaka miaka ya mwanzo ya karne hii hapakubaki kitu. Waliosalia walikuwa kwenye bustani za wanyama. Desemba 2009, wanne waliletwa Kenya kutoka Dvůr Králové, Jamhuri ya Cheki, kwa matumaini kwamba majani na jua la Laikipia vitawarudishia hamu ya kuzaana: madume Sudan na Suni, majike Najin na Fatu. Suni alikufa Oktoba 2014. Sudan, aliyekuwa baba wa Najin, alikufa tarehe 19 Machi 2018 akiwa na miaka 45. Magazeti yakaandika kwamba jamii imekwisha. Wanabiolojia hawakuandika hivyo, kwa kuwa manii ya madume kadhaa yalikuwa yamehifadhiwa kwenye baridi.

Yai lililosubiri karibu miaka 20

Mbegu za kiume hutengenezwa kila siku, kama maandazi ya asubuhi. Mayai hayako hivyo. Jike wa mamalia huzaliwa akiwa na akiba yake yote, na kila yai katika akiba hiyo limesimama katikati ya kazi. Jike akiwa bado kijusi, mayai yake huanza kugawa kromosomu, nyuzi zinazobeba urithi, ili yabaki na nusu, yanafika mahali fulani, yanatulia. Yanakaa katika hali hiyo miaka na miaka mpaka homoni ziyaamshe, moja moja au machache kwa wakati. Maana yake ni kwamba yai lililotolewa kwa Fatu mwaka 2019 lilianza kazi wakati Fatu mwenyewe yumo tumboni mwa Najin, huko Ulaya, kabla ya mwaka 2000 kufika katikati.

Kulitoa ni shughuli ya kutisha. Kifaru jike ana uzito wa tani moja na zaidi, na ovari zake ziko ndani sana, mkono wa daktari haufiki. Huwezi kumpasua tumbo kwa urahisi kama unavyoweza kumtoboa binadamu tundu dogo karibu na kitovu. Njia iliyotengenezwa na kundi la Thomas Hildebrandt wa taasisi ya Leibniz huko Berlin ni kumlaza mnyama kwa nusu kaputi, kupitisha kifaa kirefu chenye altrasaundi kwenye njia ya haja kubwa, na kutoboa ukuta wa utumbo kwa sindano mpaka ndani ya vifuko vya maji vinavyobeba mayai. Pembeni ya njia ya sindano hiyo upo mshipa mkubwa wa damu, hivyo mkono ukiteleza kidogo Kenya inabaki na kifaru mmoja.

Tarehe 22 Agosti 2019 walifanya hivyo kwa mara ya kwanza kwa wote wawili. Walipata mayai 10, matano kwa kila mmoja. Yakafungwa kwenye chombo maalumu na kupandishwa ndege siku ile ile kwenda Cremona.

Wengi waliuliza kwa nini yapelekwe Italia, kana kwamba Afrika Mashariki haina maabara. Jibu lake ni farasi. Ukimwangalia kifaru kwa macho unadhani ndugu yake ni kiboko au tembo, kumbe ndugu zake wa karibu ni farasi, punda na punda milia, pamoja na mnyama wa Amerika na Asia aitwaye tapiri. Maabara ya Avantea iliyoko Cremona, inayoongozwa na Cesare Galli, imeshughulika na mayai ya farasi kwa miaka mingi. Ndiyo maabara iliyotoa farasi wa kwanza duniani aliyenakiliwa, Prometea, mwaka 2003. (Kunakili ni jambo jingine kabisa, watu hulichanganya na hili: huko hakuna baba, unachukua kiini cha seli ya mnyama mmoja na kukiweka ndani ya yai lililoondolewa kiini chake. Prometea alibebwa na kuzaliwa na farasi yule yule aliyenakiliwa, yaani mama alimzaa pacha wake.) Aliyezoea yai la farasi ana pa kuanzia kwa yai la kifaru. Aliyezoea la ng'ombe hana sana.

Cremona, mayai yale 10 yalikaa zaidi ya siku nzima kwenye kiatamizi, kisanduku kinachotunza joto, yakisubiriwa yapevuke. Kupevuka kunaonekana: yai linatupa nje nusu ya kromosomu zake katika kitone kidogo kinachobaki kimeganda pembeni. Lisilotoa kitone halijawa tayari, hata ulichome kwa sindano ya dhahabu. Mayai saba yalikitoa. Yakachomwa mbegu tarehe 25 Agosti. Mwishoni, viinitete viwili vilifaa kugandishwa, vyote vya Fatu.

Kumi, saba, viwili. Hesabu hiyo tuibebe, tutaihitaji mbele.

Kazi ya sahani

Kuhusu sindano sitakaa sana. Manii yaliyogandishwa miaka mingi yakiyeyushwa huwa hayaogelei, au yanajikokota tu. Zamani hilo lingekuwa mwisho wa habari. Lakini mwaka 1992, huko Brussels, Ubelgiji, madaktari waliokuwa wakiwasaidia wanaume wenye mbegu dhaifu walitangaza mimba zilizopatikana kwa kuchukua mbegu moja na kuidunga moja kwa moja ndani ya yai. Mbegu haihitaji tena mkia. Inachohitaji ni kromosomu nzima pamoja na protini fulani inayoingia nayo, ambayo ikishaingia hufanya kalsiamu ndani ya yai ipande na kushuka kwa mawimbi. Mawimbi hayo ndiyo yanayoliamsha yai. Huenda ndicho kitu kizuri kuliko vyote katika elimu hii: yai halianzi maisha kwa kuguswa tu, linaanza kwa kutikiswa mara nyingi, kwa mpigo, kwa saa kadhaa.

Kilichochukua miongo ya watu ni maji. Kiinitete kinataka kukaa kwenye kimiminika chenye chumvi, sukari na protini kwa vipimo anavyovijua mama tu, na mama hajawahi kuviandika popote. Wes Whitten, akifanya kazi Australia katika miaka ya 1950, alipata mchanganyiko uliowezesha viinitete vya panya kuendelea kukua ndani ya chupa. Mwaka 1958, Anne McLaren na John Biggers huko Uingereza wakapandikiza viinitete vya namna hiyo na panya wakazaliwa wazima. Min Chueh Chang akafuata na sungura nchini Marekani, 1959, safari hii urutubishaji wenyewe ukiwa umefanyika nje ya mwili. Chang huyo, na Colin Austin aliyekuwa akifanya kazi kivyake, ndio waliogundua mwaka 1951 kwa nini majaribio mengi ya awali yalishindwa: mbegu ikitoka tu kwa dume haiwezi kurutubisha. Inabidi ikae kwanza kwenye njia ya jike ikibadilika. Watu walikuwa wakiweka mbegu mbichi na yai bichi kwenye sahani moja na kushangaa kwamba havielewani.

Hewa nayo ina lake. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21, lakini ndani ya mirija ya uzazi ni ndogo zaidi, ndiyo maana viatamizi vingi vya kisasa hushusha oksijeni hadi asilimia tano. Kabondayoksaidi huongezwa ili kimiminika kisigeuke uchachu wake. Taa hupunguzwa. Mlango haufunguliwi ovyo. Ukiingia katika maabara ya namna hii utaona ukimya, watu wameinamia hadubini, na saa ukutani inayoangaliwa kuliko kitu kingine chochote.

Siku za mwanzo kiinitete hakikui, jambo ambalo huwashangaza wengi. Kinagawanyika tu: seli moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, nne zinakuwa nane, ndani ya ganda lile lile la yai, kama mkate unaokatwa vipande bila kuongezwa unga. Na kazi hiyo hakiifanyi kwa jeni zake. Kinatumia masurufu kilichofungashiwa na mama, yaani protini na maagizo yaliyopakiwa ndani ya yai kabla halijatoka kwenye ovari. Masurufu yana mwisho. Yakiisha, jeni za kiinitete chenyewe, zile za baba na zile za mama, lazima ziwe zimewaka na kushika usukani. Kwa panya hutokea kiinitete kikiwa na seli mbili. Kwa binadamu ni kati ya seli nne na nane, kwa ng'ombe kati ya nane na 16. Viinitete vingi vya maabara hukomea hapa, vikiwa vizuri kabisa kwa macho, bila kosa la mtu yeyote aliyevishika.

Kinachovuka hapo kinaendelea mpaka seli zinabanana, maji yanaingia katikati, na kinakuwa kama kifuko: tabaka la nje, na kifungu cha seli kilichojibanza ndani upande mmoja. Ndio mgawanyo wa kwanza wa kazi katika maisha ya mamalia. Kifungu cha ndani kitakuwa ndama. Tabaka la nje litakuwa kondo la nyuma, chombo cha kumlisha. Hatua hii huitwa blastosisti, na hufikiwa baada ya wiki moja hivi au zaidi kidogo. Viinitete vilivyomo mitungini Berlin na Cremona viligandishwa katika umri huo.

Zaidi ya hapo, sahani haina cha kutoa. Kwa binadamu, maabara za Cambridge na New York zilitangaza mwaka 2016 kwamba zimeweza kuvikuza viinitete hadi karibu siku 13 bila mfuko wa uzazi, zikasimama kwa sababu ya kanuni ya siku 14, iliyopendekezwa Uingereza na kamati ya Warnock mwaka 1984 na kuingizwa katika sheria ya nchi hiyo 1990. Lakini vile vilikuwa vya kuchunguzwa, havikuwa vya kupandikizwa. Kiinitete cha kuzaa kinahitaji tumbo, tena kwa wakati wake.

Barua isiyosomeka

Dukani kwa mwenye dawa kinauzwa kijiti cha kupimia mimba. Kijiti hicho kinatafuta homoni moja inayotolewa na lile tabaka la nje la kiinitete. Kiinitete hakiitoi ili mwenye kijiti aone mstari wa pili. Kinamwandikia mama barua: nipo, usianze mzunguko mwingine. Barua isipofika, mfuko wa uzazi unabomoa ulichojenga na kiinitete kinaondoka nacho.

Kila jamii ina barua yake. Kiinitete cha ng'ombe kinatoa protini iitwayo interferoni tau, na wanasayansi wameisoma herufi kwa herufi. Cha farasi kinafanya mchezo wa ajabu: kinatembea ndani ya mfuko wa uzazi, kona hii hadi kona ile, mara nyingi kwa siku, mpaka siku ya 16 hivi ndipo kinatulia. Inaelekea kinabisha hodi kila mahali. Ujumbe wenyewe unaobeba hodi hiyo haujulikani mpaka leo, pamoja na kwamba farasi wamefugwa na kuchunguzwa kuliko wanyama wengi. Na kifaru, kama tulivyoona, ni wa upande wa farasi.

Sasa jiweke mahali pa daktari. Unalo tumbo la kuazima, la kifaru jike wa kusini, na unacho kiinitete cha siku saba au nane. Tumbo hilo lazima nalo liwe limefika siku ya saba au nane tangu jike alipoingia kwenye joto. Likiwahi au likichelewa, kiinitete kinafika kwenye nyumba ambayo bado haijatandikwa au imeshatandikuliwa. Kwa ng'ombe ungetumia sindano za homoni na kupanga hata siku. Kwa kifaru wa porini haiko hivyo. Kule Ol Pejeta walitumia akili ya wafugaji: wakamtafuta dume wa kusini aitwaye Ouwan, wakamfanya asiweze kutia mimba, wakamwachia na majike. Dume hadanganyiki kuhusu joto. Akimpanda jike, askari wa hifadhi wanaandika siku, na saa ya kupandikiza inaanza kuhesabiwa.

Tarehe 24 Septemba 2023, jike wa kusini aitwaye Curra alipandikizwa viinitete viwili. Vilikuwa vya kusini pia, vilivyotokana na mayai ya jike wa bustani moja ya Ubelgiji na manii ya dume wa Salzburg, Austria. Haikuwa busara kutumia vya Fatu kwenye njia ambayo bado haijathibitika. Mvua kubwa za Novemba mwaka huo zikaja, ardhi ikafurika, na bakteria wa jamii ya klostridia waliokuwa wamelala udongoni wakasambaa. Ouwan akafa. Siku chache baadaye Curra akafa naye.

Walipompasua, ndani mlikuwa na kijusi dume cha siku 70, urefu wa sentimita 6.4, kilichokuwa kikikua vizuri.

Habari ilitangazwa Januari 2024, na naikumbuka jinsi ilivyosomwa huku: wengine kama msiba, wengine kama ushindi. Vyote viwili vilikuwa sahihi. Ilikuwa mimba ya kwanza ya kifaru duniani kutokana na kiinitete cha maabara, baada ya majaribio 13 ya upandikizaji, 10 yaliyofanywa Ulaya na matatu Kenya. Tangu hapo viinitete vya kaskazini vyenyewe vimeanza kupandikizwa, na mpaka ninapoandika haya hakuna ndama.

Je, mimba moja katika majaribio 13 ni aibu? Turudi Oldham, mji wa viwanda kaskazini mwa Uingereza, ambako Robert Edwards, daktari Patrick Steptoe na Jean Purdy walifanya kazi hii kwa binadamu. (Purdy ndiye aliyekuwa akikaa na viinitete usiku na mchana, na kibao cha kwanza cha kumbukumbu hospitalini kiliacha jina lake, ingawa Edwards mwenyewe alilalamika.) Mayai ya binadamu waliyarutubisha kwenye sahani na kutangaza 1969. Louise Brown alizaliwa tarehe 25 Julai 1978. Miaka tisa hiyo iliyopotea haikupotelea kwenye sindano wala sahani. Daftari zao zinaonyesha wanawake 282 waliojitolea, upandikizaji mara 112, mimba tano, watoto wawili. Edwards alipewa tuzo ya Nobel 2010, na kila mtu anamkumbuka kwa wale wawili.

Oldham walikuwa na wanawake 282. Mwanamke anaweza kusema leo naona dalili, jana sikuona. Mzunguko wake ulikuwa unajulikana kwa siku. Kwa kifaru, kila jaribio linataka nusu kaputi, ndege, dume wa kupima joto, jike mzima wa kuazima, na viinitete ambavyo kila kimoja kilitoka kwenye hesabu ile ya kumi, saba, viwili.

Ndiyo maana tangazo la "kiinitete kingine kimepatikana" halinisisimui tena. Ningekuwa mhariri, ningeacha kuhesabu viinitete, ningehesabu upandikizaji. Idadi ya kwanza inapanda kila timu ikirudi kutoka Laikipia, na inampa msomaji hisia kwamba ghala linajaa. Ya pili ndiyo inayosema tuko wapi.

Wote ndugu

Tuseme upandikizaji umefaulu, tena si mara moja. Bado lipo jambo la nasaba. Viinitete vyote hivyo vina mama mmoja. Mayai ya Najin hayakuwahi kutoa kiinitete kilichofaa, na Oktoba 2021, baada ya kupima hatari ya kumlaza mzee kwa nusu kaputi kila mara dhidi ya faida, timu ilimstaafisha. Amebaki Fatu peke yake, na manii ya madume wachache. Wakizaliwa wote 30, watakuwa ndugu wa mama mmoja, mwenye kuwaoa hayupo.

Wanaoipinga kazi hii hushika hapo, pamoja na fedha: kwamba mamilioni haya yangelinda vifaru wa Java na Sumatra ambao bado wako msituni. Hoja ina uzito. Lakini hoja ya nasaba peke yake hainitoshi, kwa sababu vifaru weupe wa kusini walikuwa wamepungua hadi kundi dogo la Afrika Kusini mwishoni mwa karne ya 19, na leo wako maelfu.

Jibu linalotafutwa ni kupata mayai bila ovari. Mwaka 2011, Jeanne Loring na wenzake Marekani walichukua seli za ngozi ya Fatu na kuzirudisha nyuma zikawa seli shina, zenye uwezo wa kugeuka seli ya aina yoyote. Huko Japani, Katsuhiko Hayashi alikuwa anafanya jambo lililoonekana kama hadithi: mwaka 2016 kundi lake lilitoa mayai kamili ya panya kutokana na seli shina, yote ndani ya sahani, na panya wakazaliwa. Desemba 2022, Hayashi na wenzake walitangaza kwamba wamefikisha seli za Nabire, jike wa kaskazini aliyekufa Dvůr Králové mwaka 2015, katika hatua ya seli za awali kabisa ambazo mwilini huzaa mayai au mbegu.

Nabire hakuwahi kuzaa akiwa hai. Kutoka seli zile mpaka yai ni mbali bado, kwa kuwa mayai hulelewa na seli za ovari zinazoyazunguka, na hizo nazo itabidi zitengenezwe. Lakini katika ghala la seli la San Diego zimo seli za vifaru wa kaskazini 12. Njia hiyo ikifunguka, Fatu hatakuwa mama wa wote.

Saa yenyewe inayobana ni nyingine. Mimba ya kifaru huchukua miezi 16 hivi. Ndama akizaliwa na mama wa kusini atapata maziwa ya mama huyo, lakini watu wa Ol Pejeta wanataka alelewe karibu na wa kwao, ajifunze kwao namna ya kuinamisha kichwa, ya kulala matopeni, ya kumsukuma mwenzake kwa pembe bila kumwumiza. Walimu ni wawili, na mmoja ni wa 1989. Kila miezi michache madaktari hurudi, Fatu hulazwa, sindano huingia, na chombo chenye mayai huondoka na ndege ya usiku. Najin, asubuhi ile, hubaki upande wa pili wa uzio akila majani.